Namna ya Kuandaa Shughuli na Makusanyiko ya Klabu ya Redio ya Ridhaa

Mtu anayejiunga na klabu ya redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda na si kwa biashara, huja na swali moja hata kama halitamki: ni lini nami nitashika kipaza sauti na kusikika mbali? Nimeshiriki kuandaa shughuli za klabu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama atarudi mwezi unaofuata. Klabu inayokutana ili kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kujadili ada na kuchagua kamati huwapoteza wanachama wapya kabla hawajajifunza hata kutaja ishara ya mwito, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo, ilhali ile ambayo kila kusanyiko lake huishia kwa mtu fulani kuzungumza hewani, au kuondoka na kifaa alichokiunda kwa mikono yake, hupata watu bila kuwatafuta. Kwa hiyo, unapopanga shughuli yoyote kati ya hizi zitakazoelezwa hapa, jiulize kwanza ni nani asiyewahi kurusha mawimbi ambaye siku hiyo atarusha, na umwandike jina kwenye ratiba kabla ya kuandika kitu kingine.

Leseni na mipaka yake

Jambo la leseni halina mjadala mrefu, lakini lisiporekebishwa mwanzoni huharibu kila kitu baadaye. Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa na Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, na kila nchi hutoa leseni zake yenyewe kupitia mamlaka yake ya mawasiliano. Klabu iombe ishara ya mwito ya klabu, na mwanachama mmoja mwenye leseni ateuliwe kwa maandishi kuwa mdhamini wake, yaani mtu atakayewajibika kwa kila kinachorushwa kwa jina la klabu. Wanachama wote wafahamu kwamba masafa haya hayatumiki kwa biashara, na kwamba mazungumzo kati ya vituo vya nchi mbalimbali hayaruhusiwi kufichwa kwa misimbo ya siri. Someni pia kanuni za nchi yenu kuhusu mtu asiye na leseni kuzungumza akiwa chini ya usimamizi wa mwenye leseni, kwa sababu nchi hazifanani katika jambo hili, na jibu lake litaamua namna mtakavyowapokea wageni. Wapo watu wanaoogopa kujiunga kwa kudhani kwamba ni lazima wajue Morse, yaani alfabeti ya nukta na vistari. Waelezeni kwamba mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003 uliondoa sharti hilo katika kanuni za kimataifa na kuiachia kila nchi iamue yenyewe.

Kikao cha hewani cha kila wiki

Kama klabu ina uwezo wa kufanya jambo moja tu, na iwe hili. Kikao cha hewani ni mkutano unaofanyika kwenye redio, kila mtu akiwa kwake, kwa siku na saa isiyobadilika, chini ya msimamizi mmoja anayeita vituo kwa zamu. Hakihitaji ukumbi wala nauli, na humzoesha mwanachama mpya kuzungumza mbele ya watu wanaomfahamu.

Bendi, yaani fungu la masafa linalotajwa kwa urefu wa wimbi lake, inayofaa zaidi kwa watu walio karibu ni ya mita 2, ambayo katika Kanda ya Kwanza ya ITU, yenye Afrika na Ulaya ndani yake, huanzia megahezi 144 hadi 146. Wengi hutumia ripita, yaani kituo kilichowekwa mahali pa juu ambacho hupokea sauti dhaifu na kuirusha tena kwa nguvu. Hapa ndipo wageni hukwama. Katika bendi hii ripita kwa kawaida hupokea kwenye masafa yaliyopishana kwa kilohezi 600 na yale inayorushia, na nyingi hazifunguki mpaka zisikie mlio mdogo wa utambulisho uliochanganywa na sauti, kwa mfano wa hezi 88.5. Mwanachama anayewasikia wote lakini hakuna anayemsikia, mara nyingi amekosea kimojawapo kati ya vitu hivi viwili. Mtu mmoja mvumilivu apewe kazi ya kukutana na wanachama wapya nusu saa kabla ya kikao chao cha kwanza ili kukagua redio zao moja moja. Ni kazi ndogo, na haijawahi kunisikitisha kuitengea muda.

Msimamizi aanze kwa kusikiliza, kisha aulize kama masafa yanatumika, na asikilize tena. Akishajitambulisha na kueleza lengo la kikao, swali lake la kwanza liwe kama kuna mtu mwenye jambo la dharura. Baada ya hapo aite vituo vilivyo safarini kwenye magari, kwa kuwa wanaweza kupotea hewani wakati wowote. Kisha vituo vyenye mawimbi dhaifu, kisha wanachama wapya, na mwisho wote waliobaki. Wakongwe wana mazoea ya kuingia mapema na kuzungumza kwa urefu, na mpangilio huu huwasubirisha bila kumwaibisha yeyote. Kila anayemaliza aachie nafasi ya sekunde mbili au tatu kabla mwingine hajabonyeza kitufe, kwa sababu mtu mwenye dharura hana mlango mwingine wa kuingilia, na kwa sababu ripita nyingi zina kipima muda ambacho hukata mazungumzo yasiyo na mapumziko.

Ishara za mwito zitamkwe kwa alfabeti ya kimataifa, ile inayoanza na Alfa, Bravo na Charlie, wala si kwa maneno ambayo kila mtu amejitungia. Mtu akisikika vibaya kwa msimamizi lakini vizuri kwa kituo kilicho katikati, msimamizi akiombe kituo hicho kipokee ujumbe na kuurudia, maana kupokezana ujumbe ni ujuzi ambao haufundishiki kwa maelezo. Kila wiki wekeni swali moja dogo ambalo kila mtu anaweza kulijibu kwa dakika moja au mbili: antena yako iko wapi, umesikia kituo gani cha mbali wiki hii, kitu gani kimekushinda. Usimamizi wenyewe uzunguke. Baada ya wiki chache mkabidhi mwanachama mpya kiti cha msimamizi, mkongwe akiwa tayari kumsaidia iwapo atakwama. Atatetemeka, ataruka majina mawili, na wiki ya pili atakuwa mtulivu kuliko wengi waliomtangulia.

Warsha ya kutengeneza antena

Mkutano wa ana kwa ana ujengwe juu ya kazi ya mikono. Nimependekeza antena ya nusu wimbi ya bendi ya mita 40 kama kazi ya kwanza kwa sababu vifaa vyake ni vichache, hesabu yake ni fupi, na huwafikisha watu mbali kuliko wanavyotarajia.

Gawanya 143 kwa masafa katika megahezi, na jibu ni urefu wa waya wote katika mita. Kwa megahezi 7.1 utapata takribani mita 20.1, yaani kama mita 10 na sentimita 5 kila upande. Usikate hapo hapo. Kata kila upande mita 10.4, kwa kuwa kupunguza waya ni rahisi na kuurefusha ni usumbufu. Katikati unganisha kebo ya koaksia ya omu 50, waya wa ndani kwenye upande mmoja na wavu wa nje kwenye upande wa pili, ukipitishia kwenye balun ya uwiano wa 1:1 kama ipo, yaani kifaa kidogo kinachosawazisha kebo na pande mbili za antena. Ncha zote mbili zifungwe kwenye vihami vya plastiki au kauri kabla ya kufika kwenye kamba. Kwa mlingoti mmoja, inua sehemu ya kati na kuzishusha ncha pande mbili kama paa la nyumba. Kadiri sehemu ya kati inavyokaribia mita 10 kutoka ardhini ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, lakini hata kwa mita 6 au 7 mtawasiliana.

Kisha pimeni SWR, yaani kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudishwa na antena badala ya kurushwa. Tafuteni masafa ambayo kipimo kiko chini kabisa. Kama yapo chini ya 7.1, waya ni mrefu; punguzeni pande zote mbili kwa kiasi sawa. Ukipunguza jumla ya sentimita 10, yaani 5 kila upande, masafa hayo hupanda kwa takribani kilohezi 35, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha: hesabu, kata, inua, pima tena. Kipimo cha 1.5 au chini yake ni kizuri sana, na redio nyingi hutoa nguvu zake zote mradi kisizidi 2. Waya huo huo utakubali pia bendi ya mita 15 bila kubadilishwa sana, kwa kuwa megahezi 21 ni mara tatu ya 7. Waacheni wanachama waligundue hilo wenyewe kwenye kipimo, maana furaha yake ni kubwa.

Kila mshiriki atengeneze ya kwake. Nimeona warsha ambamo fundi mmoja hutengeneza na watu kumi na wanane hutazama, nao huondoka wakiwa wameburudika na hawajui chochote. Wawekeni watu wawili wawili kwenye meza, mkongwe apite nyuma yao mikono ikiwa mgongoni, na asiguse kifaa mpaka aombwe. Mahali pa kulehemu pawe na hewa inayopita, watu wavae miwani ya kukinga macho, na waoshe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ya kulehemu ya aina nyingi ina madini ya risasi kweli.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Antena isiinuliwe mahali ambapo, ikianguka au ikiyumba, inaweza kugusa nyaya za umeme. Msimamo wa mlingoti upimwe kabla haujasimamishwa, na mtu mmoja asimame pembeni bila kazi nyingine yoyote isipokuwa kutazama juu na kusema “acha” anapoona hatari. Ncha za antena hubeba volti kubwa wakati wa kurusha na huunguza ngozi, kwa hiyo ziwe juu ya kimo cha mkono wa mtu. Radi ikisikika, hata kwa mbali, kebo zichomolewe na shughuli isimame.

Siku ya kurusha mawimbi nje

Tangu mwaka 1933, wanaredio wa Marekani hutoka kila Juni kwenda kurusha mawimbi kutoka mahali pasipo na umeme wa gridi, na vyama vya nchi nyingine vina siku zao za namna hiyo. Hakuna shughuli inayoifunza klabu mambo mengi kwa mpigo mmoja kama hii, wala hakuna inayoumbua maandalizi duni upesi kama hii.

Anzeni na hesabu ya umeme. Redio ya wati 100 huvuta karibu ampia 20 kwa volti 13.8 inaporusha kwa nguvu zote, lakini hupokea kwa ampia 1 hivi. Tuseme mnarusha robo ya muda, na wastani wa kurusha kwa sauti ni ampia 10: wastani wa jumla utakuwa ampia 3.25, ambazo kwa saa 24 ni ampia-saa 78. Betri ya asidi na risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mtahitaji zaidi ya ampia-saa 150. Ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma ya ampia-saa 100 inatosha peke yake. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa waliokubali waya usio na fyuzi “kwa dakika chache tu”. Waya ulibanwa na mguu wa meza, ukashika moto, na tukaupoteza usiku mzima wa kazi.

Chagueni bendi kwa kufuata jua. Mchana, tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme, linaloitwa D, hunyonya mawimbi ya bendi za chini, kwa hiyo bendi ya mita 20 ndiyo hufika mbali. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, na bendi za mita 40 na 80 hufunguka. Mkiwa na vituo viwili, tenganisheni antena zake kadiri eneo linavyoruhusu na zipangeni zielekezane ncha kwa ncha, la sivyo kituo kimoja kitaziba masikio ya kingine.

Zamu ziwe za saa mbili, watu wawili kwa kila kituo, mmoja akizungumza na mwingine akiandika, na wabadilishane katikati. Jozi isiwe ya wakongwe wawili wakati kuna mwanachama mpya aliyekaa bila kazi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa siku hizi vituo hushindania alama kwa mawasiliano vinayoyafanya, tengeni redio moja isiyohusika na mashindano hayo, kwa ajili ya wageni tu. Hapo ndipo mtoto au mpita njia anaweza kukaa, kusikiliza na, sheria ikiruhusu, kuzungumza, bila mtu kumharakisha kwa sababu ya alama. Klabu zinazosahau redio hiyo hupata alama nyingi na hazipati mwanachama hata mmoja.

Kusaka mbweha

Huu ni mchezo wa kutafuta visambazaji vidogo vilivyofichwa, ambavyo ndivyo mbweha wenyewe, kwa kutumia kipokezi na antena inayochagua upande. Katika mashindano rasmi hufichwa visambazaji vitano, kila kimoja hurusha kwa dakika moja kisha hunyamaza dakika nne, na vyote hutumia alama za Morse zinazoanza na MO: MOE, MOI, MOS, MOH na MO5. Uzuri wake ni kwamba herufi ya mwisho ina nukta moja, mbili, tatu, nne au tano, hivyo mtu asiyejua Morse kabisa anaweza kuhesabu nukta na kujua anamfuata mbweha wa ngapi.

Kwa bendi ya mita 2, wanachama wanaweza kutengeneza Yagi, yaani antena inayoelekea upande mmoja, ya vipande vitatu kwa utepe wa chuma wa kupimia na bomba la plastiki. Utepe hukunjika unapopita vichakani na kurudi ulivyokuwa. Fundisheni mapema kwamba ukiwa karibu na kisambazaji kipokezi hulemewa na kila upande huonekana kuwa na nguvu sawa. Wakati huo mtu ashikilie redio karibu na kifua na kujigeuza polepole, ili mwili wake uzibe mawimbi, na upande ambao sauti hufifia zaidi ni ule ambao mbweha yuko mgongoni mwake. Kwa kuwa washiriki wanapokea tu, mchezo huu unawafaa wasio na leseni, na mimi huuweka mwanzoni mwa mwaka kwa sababu hiyo.

Kituo cha anga, skauti, na mazoezi ya dharura

Kusikiliza Kituo cha Kimataifa cha Anga ni shughuli ya jioni moja. Mawasiliano yake ya ridhaa husikika kwenye megahezi 145.800, redio ya mkononi inatosha, na kila kinapopita juu yenu kwa njia nzuri hubaki upeoni kwa takribani dakika 10. Wote wawe nje wakiwa tayari kabla ya dakika hizo. Tarehe 18 Aprili, Siku ya Redio ya Ridhaa Duniani, ambayo hukumbuka kuanzishwa kwa umoja wa kimataifa wa wanaredio hawa mjini Paris mwaka 1925, inafaa kwa kufungua milango kwa umma, na Jamboree ya Hewani ya skauti, kila Oktoba, huleta vijana kwa makundi.

Mazoezi ya dharura yanahitaji uzito zaidi. Kanuni za kimataifa zenyewe zinazihimiza nchi kuwawezesha wanaredio wa ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa, lakini utayari huo haupatikani kwa kuutaja. Fanyeni zoezi ambalo ripita imezimwa na hakuna simu, vituo vikifikiana moja kwa moja na kwa betri tu. Ujumbe uandikwe kamili kabla ya kurushwa: namba yake, kiwango cha uharaka, saa, unakotoka, unakokwenda, na idadi ya maneno. Mpokeaji ausome tena neno kwa neno. Mtashangaa jinsi ujumbe wa maneno ishirini unavyobadilika ukipita kwa watu watatu wanaoamini kumbukumbu zao.

Daftari

Kila shughuli iwe na daftari: tarehe, saa, masafa, namna ya urushaji, ishara ya mwito ya kituo cha pili, na alama za usikivu zilizotolewa na kupokelewa. Saa iandikwe kwa UTC, yaani saa moja ya kimataifa inayotumiwa na wote. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada, kwani saa mbili usiku ni 20:00 kabla hata hujaanza kuigeuza kuwa UTC, na makosa ya saa sita huonekana kwenye daftari za wanachama wapya kila mwaka. Wekeni saa moja ya ukutani iliyorekebishwa kwa UTC mbele ya kila redio na tatizo litaisha. Kadi za QSL, zinazothibitisha mawasiliano, zitumwe ndani ya mwezi mmoja, na zile zinazopokelewa zibandikwe mahali wanachama wanapokutania.

Mwanachama mpya apewe daftari lake mwenyewe siku ile ile anayozungumza hewani kwa mara ya kwanza, na kabla hajaondoka auandike mstari wa kwanza kwa mkono wake.